Jiwe Nililosema ni Zima

Bariadi,
Jumanne, kabla ya magharibi.

Mwanangu Shija,

Sikujulii hali, kwa sababu mchana huu tumekula ugali kwenye sahani moja na nimeona unavyokula. Ulikula haraka, ukanawa, ukasema, "Ahsante, baba," ukatoka. Hayo ndiyo maneno mawili ya leo. Jana pia yalikuwa mawili. Nimehesabu siku kumi na tisa tangu uliponiomba barua nikakataa, na katika siku hizo zote tumeishi humu ndani kama abiria wawili wasiojuana wanaongoja basi moja.

Sasa umekwenda kwa fundi kuchukua suruali yako, nami nimekaa kwenye meza ya mama yako nikiandika kabla mwanga haujaisha. Basi litaondoka alfajiri na sijui kama nitaweza kusema lolote utakapokuwa umesimama mlangoni na begi. Mimi nimefundisha miaka thelathini na miwili, lakini mbele ya watoto wangu mwenyewe sauti hunikauka. Dada zako wanalijua hilo. Kulwa alipoolewa Shishiyu nilimwambia achunge cherehani. Doto alipokwenda Mwanhuzi nilimwambia avae viatu kwa ajili ya miiba. Mama yao ndiye aliyesema yaliyobaki, na sasa hayupo wa kuyasema.

Mambo ya chandarua, vyeti na mahali pa kuficha nauli sitayagusa. Wewe ni mtu mzima na Kulwa amekwisha kukuandikia hayo yote, kwa mwandiko mbaya.

Nataka kukueleza kwa nini nilikunyima barua.

Ulisimama hapo karibu na dirisha. Ulisema kampuni ya wageni inayojenga mgodi kule upande wa Kahama inachukua watu mwezi ujao, lakini inataka waliokwisha kufanya kazi chini ya ardhi. Vijana wenzako wamejipatia barua za kusema walichimba miaka miwili, mitatu. Ukaniomba niandike kwamba ulichimba pamoja nami kwenye duara nililofanyia kazi zamani, yaani lile shimo la wachimbaji wadogo, kwa kuwa ninamjua mwenye duara na ninayajua maneno ya kazi. Nikasema siandiki uongo. Ukasema kwa sauti ya chini, "Wenzangu baba zao hawajui kusoma, wameandikiwa na watu baki. Mimi baba yangu anajua kuandika, na amekataa."

Neno hilo limenikaa kifuani. Ulidhani ninakataa kwa sababu ya ugumu wangu, na hukukosea kudhani hivyo, maana ugumu wangu unaujua. Ulipokuwa kidato cha kwanza uliniandikia barua kutoka bwenini. Ulisema unaumwa na jino na unapakumbuka nyumbani. Nilichukua kalamu nyekundu, nikasahihisha makosa kumi na moja, nikairudisha barua ileile kwenye bahasha bila kuongeza neno. Niliamini nakusaidia. Hukuniandikia tena kwa miaka minne. Mama yako aliniuliza, "Na jino je?" Jino sikuliona. Niliona makosa tu.

Lakini safari hii kukataa kwangu kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako.

Unakumbuka nilikwenda machimboni ulipokuwa mdogo. Ilikuwa miaka ile Serikali ilipolegeza mambo, ikawaruhusu wananchi wachimbe dhahabu na kuiuza hadharani, nasi walimu tukaona wanafunzi wetu tuliowafukuza shule wakirudi na redio kubwa na baiskeli mpya. Mshahara ulikuwa unachelewa. Niliomba likizo bila malipo, nikaondoka. Sikuwa nimewahi kuingia kwenye shimo lolote isipokuwa kisima.

Mwenye duara aliniuliza, "Umeshachimba wapi?"

Ningesema sijachimba, angeniweka juu kuvuta kamba na kubeba viroba vya mawe, pamoja na wengine wageni wa kazi. Ndivyo kila mtu alivyoanza pale, na hapakuwa na aibu ndani yake. Lakini miongoni mwa wavuta kamba walikuwamo vijana wawili niliowafundisha darasa la tano. Nilijiona nimesimama nao kwenye mstari mmoja, nikaona haiwezekani. Nikasema nilichimba miaka miwili upande wa Geita. Nilisema kwa Kiswahili kizuri sana, kwa sauti ya darasani, na yule mtu akaniamini. Mtu akisema vizuri huaminiwa upesi. Hilo nimeliona mara nyingi, na ni balaa.

Wakanipeleka chini, kwa Masunga.

Masunga wa Zagayu unamjua kama mtu wa kukaa kwenye ngozi chini ya upenu wa nyumba, anayecheka na watoto. Wakati ule alikuwa na miguu, na ilikuwa miguu ya mchezaji ngoma. Hakusoma hata siku moja. Aliniita Mwalimu tangu asubuhi ya kwanza, naye alinitania bila kuchoka, nikiinama vibaya alisema, "Mwalimu, huku chini hakuna ubao, angalia kichwa." Yeye ndiye aliyekuwa akiingia wa kwanza baada ya baruti kulipuliwa, kwa kuwa mlipuko hulegeza mawe ya juu, na lazima mtu mmoja atangulie na mtalimbo augonge mwamba kipande kwa kipande asikilize kama umekaa imara. Wengine wote husubiri. Akisema ni zima, wanaingia. Akisema bovu, wanaliangusha kwanza au wanaweka magogo.

Siku ya tatu alinivuta pembeni. Aligonga juu ya vichwa vyetu mahali pamoja, kisha hatua mbili mbele. Akaniuliza, "Umesikia, Mwalimu?"

Nikasema nimesikia.

Shija, sikusikia kitu. Kwangu zilikuwa sauti mbili za chuma na jiwe. Nimewachapa watoto wangapi kwa kosa hilo hilo? Mtoto anasema ameelewa, nawe unaona machoni mwake kwamba hakuelewa, ila anaogopa kuchekwa. Niliwaambia kila mwaka kwamba mjinga si asiyejua bali anayeficha kutojua. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne nilipoficha kwangu, mbele ya mtu ambaye angenirudia mara mia bila kukasirika. Yeye alidhani nimetoka Geita, nina uzoefu. Hakuona sababu ya kunifundisha zaidi.

Nilikaa pale wiki tano. Kisha ikaja siku ambayo Masunga aliamka na homa. Walikuwa wamelipua jana yake, na mwenye duara alikuwa na haraka kwa sababu mshipa wa dhahabu ulikuwa umeanza kuonekana. Masunga alikaa juu kwenye mdomo wa duara, amejifunika shuka, akatazama watu waliokuwapo, akanichagua mimi. Akasema, "Nenda wewe ukagonge, Mwalimu. Mimi nakuja."

Nilishuka peke yangu. Nataka ujue nilivyokuwa kule chini, maana huenda ukawa mahali kama pale. Nilikuwa na tochi na mtalimbo. Niligonga. Nikagonga tena mbele kidogo. Nilijaribu kukumbuka zile sauti mbili za Masunga na sikuzikumbuka, kwa sababu sikuzisikia tangu mwanzo. Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Hakuna aliyenisukuma. Ningepaza sauti juu niseme, "Mimi sijui, teremka mwenyewe," na gharama yake ingekuwa kicheko cha wiki moja. Nilisimama nikaifikiria ile wiki.

Akauliza kutoka juu, "Linasemaje?"

Nikajibu, "Ni zima."

Alishuka na homa yake kwa sababu alitaka kuuona ule mshipa. Alinipita, akanigusa bega. Kipande kilichoanguka hakikuwa kikubwa, ukubwa wa mlango huu ukikatwa nusu, lakini kilimpata kiunoni akiwa ameinama. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili.

Nilimfukua kwa mikono. Hilo ni kweli, na ndilo watu walilolisimulia. Tulimfunga kwenye ubao, tukampandisha kwa kamba, nikakaa naye hospitalini mpaka daktari aliposema miguu haitarudi, kisha nikamsindikiza hadi Zagayu nyuma ya gari la pamba. Njia nzima alinishukuru. Alisema, "Jiwe limenidanganya, Mwalimu. Limekudanganya na wewe." Nikamjibu kwamba ndivyo yalivyo mawe.

Nyumbani kwao mama yake alinipa mtamba. Umeshaelewa ni yupi. Ni yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, uliyekuwa ukimchunga na kumpenda kuliko wote. Niliambiwa ni shukrani kwa mtu aliyemtoa mtoto wao kaburini. Kwa desturi yetu mtu hakatai ng'ombe wa shukrani bila kueleza sababu, na mimi sababu sikuwa tayari kuieleza. Nikamswaga hadi hapa. Alizaa mara sita. Wawili kati ya ndama wake ndio waliokusomesha mpaka kidato cha nne. Sikwambii hili ili ubebe mzigo usio wako. Nakwambia kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ulinishangaa siku alipokufa yule ng'ombe nikakataa kula nyama yake.

Kama yangeishia hapo, pengine ningekufa nayo. Lakini mtu anayeumia bila kujua sababu huitafuta. Masunga alijiuliza imekuwaje mtu mzoefu kama Mwalimu agonge jiwe, jiwe liseme ni zima, halafu lianguke. Jawabu la kweli lilikuwa kifuani mwangu, na kwa kuwa mimi nilinyamaza, alikwenda kulitafuta kwa mganga. Mganga akapiga ramli akasema kuna mkono wa mtu wa ndani ya ua. Masunga alikuwa na kaka mmoja tu, Ngasa. Walikuwa wamekosana kidogo kuhusu shamba la mpunga, ugomvi wa kawaida wa ndugu. Basi yakaunganishwa. Watu walianza kumkwepa Ngasa kisimani na mnadani. Mwaka huo huo alihama na mke wake na mifugo, akaenda upande wa Mwanhuzi, na hadi leo hawasalimiani. Mama yao alikufa, Ngasa akazika akiwa amesimama mbali kama mgeni.

Mimi nilikuwapo kwenye mazishi yale. Nilipewa kiti mbele.

Sasa unajua kwa nini kila likizo nilikwenda Zagayu na sukari na sabuni, na kwa nini nilirudi nimenuna. Kila safari nilitoka hapa nimeyapanga maneno. Nikifika, Masunga ananisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, Mwalimu," anawaita watoto waje wamwone mtu aliyemwokoa, na maneno yanaisha. Na sasa unajua nilikuwa nikifanya nini mlimani. Ulikuwa na miaka kumi uliponifuata ukanikuta nagonga majabali kwa kipande cha nondo. Uliniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikakwambia urudi nyumbani. Niliona haya. Nilikuwa najifunza kusikia, miaka mitatu nimechelewa.

Nilijifunza, Shija. Jiwe zima hulia kali, kama kengele ya shule. Jiwe lililoachana na mwenzake hujibu kwa sauti nene, kama mtungi mtupu. Na ukiweka vidole vya mkono wa pili juu yake wakati unagonga, bovu hutetemeka kidogo sana, kama ubavu wa ng'ombe anayefukuza nzi. Lakini haya ni ya mwalimu. Nimeyaandika vizuri na hayatakusaidia chini ya ardhi. Yanataka masikio ya mtu aliyeyafanya.

Sikulaumu kwa kuondoka. Tangu soko la pamba lilipofunguliwa nimekuona ukihangaika na shamba peke yako. Wanunuzi wanakuja na malori yao mwaka mmoja, mwaka wa pili hawaonekani, na dawa ya wadudu tuliyozoea kukopeshwa na chama cha ushirika haipo tena. Mizani ya chama imeota kutu, kuku wanalala juu yake. Mtu wa miaka ishirini na mitatu hawezi kukaa akiangalia kuku. Ningekuwa wewe ningeondoka, na nilipobanwa kama wewe niliondoka. Wala siogopi kwamba hujui kazi. Kila anayeijua aliianza bila kuijua. Ninachoogopa ni ile siku utakayoulizwa swali huku watu wanakutazama, na una karatasi mfukoni inayosema ulichimba miaka miwili. Karatasi hiyo ndiyo itakayokujibia. Haitakuruhusu kusema sijui.

Chini ya barua hii kuna bahasha mbili.

Ya kwanza ni barua ya utambulisho uliyoniomba, ila si kama ulivyoiomba. Nimeiandika mara saba na ina mhuri wa ofisi ya kijiji. Inasema hivi: Shija hajawahi kufanya kazi mgodini. Amelima pamba na mpunga, amechimba visima viwili vinavyotumika hadi sasa, na amemwuguza mama yake miezi mitano bila kulalamika. Akisema amefanya jambo, amelifanya. Akisema hajui, mfundisheni, kwa kuwa anajifunza. Pengine wataitupa. Pengine watakuweka kwenye kubeba mawe. Beba. Kuna watu watacheka, wacheke.

Ya pili ni ya Masunga. Ndani yake yamo yote niliyokuandikia hapa, bila kupamba. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo lazima mtu amsomee, na sitaki asomewe na mtu baki. Zagayu haiko kwenye njia yako, ninajua, na ninajua pia kwamba unataka kuwahi mstari kabla wenzako hawajaujaza. Nakuomba uteremke, uende kwake, umsomee mpaka mwisho. Usiruke mstari. Akikukubali baada ya hapo, kaa kwake wiki moja akufundishe kugonga. Kuna majabali nyuma ya nyumba yake, na masikio yake hayakuumia. Akikufukuza, usibishane naye, maana ana haki. Ondoka kwa adabu, uendelee na safari yako.

Utasema kwamba ninajificha nyuma ya mtoto. Nimeliwaza hilo mchana kutwa. Siku ya nane mimi mwenyewe nitafika Zagayu na mtamba aliye zizini, mjukuu wa yule mwekundu, na nitakaa chini mbele yake. Kisha nitakwenda Mwanhuzi kwa Ngasa. Kwake hakuna wa kunitangulia, nitasema mwenyewe. Lakini ninajijua. Nimekwenda Zagayu miaka yote hii nikarudi na maneno yangu. Nataka safari hii nikifika nikute yamekwisha kusemwa, ili nisipate mahali pa kurudi.

Ukiona huwezi, iache hiyo ya pili mezani. Sitakulaumu wala sitakuuliza. Nitampeleka mtamba na ulimi wangu huu huu uliosema ni zima, na sina hakika kama utafunguka.

Ukiniandikia, niandikie unavyosema. Kalamu nyekundu nimempa mwalimu mwenzangu leo asubuhi, alidhani ni zawadi. Kama una jino linalouma, niambie habari za jino.

Nasikia lango, umerudi. Nitakwenda kulala mapema, na barua nitaiweka chini ya taa ambapo utaiona ukiamka kujiandaa. Sitatoka chumbani. Si kwa hasira. Ni kwamba nikikuona nitaanza kukuambia uchunge viatu.

Nitasikia komeo, nitasikia basi, nitahesabu mpaka mlio wake upotee. Ndipo nitakapotoka kuiangalia meza.

Baba yako,
Mwalimu, Baba Kulwa.